Hita ya maji ya moto nyumbani Dodoma: weka joto sahihi, okoa uniti, usiozeshe dari

Julai moja nilipigiwa simu na mama mmoja wa Ilazo. Dari ya bafuni ilikuwa na doa la kahawia pana kama sinia, na jipsamu ilikuwa imeanza kulegea. "Fundi mwanangu, hita inavuja, halafu LUKU nayo inaisha kama imetobolewa." Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wametoka tu kuoga. Nikapanda darini na tochi. Hita kavu. Viungo vya bomba vikavu. Nilipoinua tochi juu nikaona upande wa chini wa bati umejaa matone, yamejipanga kwenye kila mgongo wa bati, na kila baada ya muda moja linachoka na kudondoka juu ya jipsamu.

Ule ulikuwa mvuke. Themostati, kile kifaa kinachopanga joto la maji, ilikuwa imewekwa mwisho kabisa, maji yanatoka na nyuzi 75, watoto wanne wanaoga kwa ndoo mmoja baada ya mwingine, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, na tundu alilotoboa fundi wa kwanza kupitisha bomba darini lilitosha ngumi yangu. Mvuke unapanda kwenye tundu, unakutana na bati lililopigwa na baridi usiku kucha, unageuka maji. Nilishusha joto hadi nyuzi 60, nikaziba tundu, nikamwelekeza mama namna ya kujaza ndoo. Sikubadilisha hata nati moja ya ile hita.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya hita ya umeme yenye tangi, zile za lita 30, 50, 80 na 100 ambazo zipo kwenye nyumba nyingi za hapa mjini. Mwishoni nitagusa hita za gesi na za sola, maana zenyewe zina ugonjwa wao. Kama una shawa ya umeme, ile inayopasha maji yakiwa yanapita kwenye kichwa chake, haina tangi wala themostati ya kurekebisha, kwa hiyo hatua hizi hazikuhusu.

Kwa nini nyuzi 60

Nikiulizwa namba moja, jibu langu ni nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya hapo kuna hatari moja, juu ya hapo kuna hasara tatu.

Hatari ya chini ni bakteria aitwaye Legionella. Alitambuliwa baada ya mlipuko wa homa ya mapafu uliotokea Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Anapenda maji ya uvuguvugu yaliyotuama, kati ya nyuzi 25 na 45 hivi, na mtu humpata kwa kuvuta matone madogo ya maji, kama yale ya shawa. Ndani ya tangi la nyuzi 60 hufa kwa muda mfupi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 au zaidi. Anayeweka hita nyuzi 40 akidhani anaokoa uniti anawafugia vijidudu watu wa nyumbani kwake, hasa wazee na wenye mapafu dhaifu.

Hasara ya kwanza ya juu ni kuungua. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza vibaya mtu mzima ndani ya sekunde tano hivi. Ya nyuzi 70, sekunde moja inatosha. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, kwa hiyo muda wake ni mfupi zaidi. Ya pili ni ukoko. Maji yetu mengi hapa yanatoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, na kila mpishi wa Dodoma anajua ukoko mweupe unaobaki kwenye birika. Kadiri maji yanavyopata moto ndivyo chokaa inavyojitenga na kushika kwenye elementi, chuma kinachopasha maji ndani ya tangi, na ukizidi nyuzi 60 kasi huongezeka. Elementi iliyovikwa koti la chokaa hupasha kwa shida, hupata joto kupita kiasi ndani ya koti lake, kisha hukatika.

Ya tatu ni uniti, na hapa watu wengi wanakosea hesabu. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunakula uniti 2.2 hivi. Hadi 75 ni uniti 3.1. Lakini hiyo tofauti haijapotea yote, kwa sababu maji ya nyuzi 75 utayachanganya na baridi mengi zaidi na kupata ndoo nyingi. Kinachopotea bure ni joto linalotoroka kupitia ukuta wa tangi wakati hakuna anayeoga. Joto hilo hutoroka kulingana na tofauti kati ya maji na hewa ya nje ya tangi. Bafu likiwa na nyuzi 25, tangi la nyuzi 60 lina tofauti ya 35, la nyuzi 75 lina tofauti ya 50. Yaani upotevu umepanda kwa asilimia 43 hivi, mchana na usiku, hata ukiwa safarini Morogoro.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa

Nunua kipimajoto cha jikoni, kile cha sindano. Kabla ya kukiamini, chemsha maji kwenye sufuria na ukitumbukize bila kugusa chini. Usishangae kikisoma 96 badala ya 100. Dodoma ipo juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kikisoma 90, au 100 kamili, ujue kimepotoka na uikumbuke tofauti hiyo kila unapopima.

Jioni washa hita, subiri taa yake ndogo izime yenyewe, maana yake themostati imekata. Fungua koki ya moto iliyo karibu na hita, acha maji yatiririke kwa dakika moja, kinga kwenye kikombe na usome. Andika. Kisha zima hita kwenye swichi ya ukutani, mtu yeyote asifungue maji ya moto hadi asubuhi, na upime tena. Sema saa nne usiku ulisoma 60, na saa kumi na mbili asubuhi umesoma 54. Nyuzi sita kwa saa nane kwenye lita 50 ni uniti 0.35, sawa na uniti moja kwa siku. Hiyo ni hita yenye sifongo nzuri ya kuzuia joto kutoroka. Ukikuta imeshuka hadi 45, sifongo ya ndani imelowa au imebomoka, au maji ya moto yanatoroka mahali fulani, labda koki inayodondosha. Koki inayodondosha maji ya moto unailipia mara mbili, kwenye bili ya maji na kwenye LUKU.

Hatua ya pili: shusha themostati

Zima breka ya hita kwenye boksi la breka. Swichi yenye taa nyekundu nje ya bafu peke yake usiitegemee. Nimekuta nyingi zimefungwa kinyume, zinakata waya usio na moto na kuuacha wenye moto ukingoja mkono wako. Waambie watu wa nyumbani kwamba unafanya kazi, ili asije mtu akawasha.

Hita nyingine zina kitufe cha kuzungusha nje, chini ya tangi. Hizo ni rahisi. Alama ya "E" mara nyingi hukaa kati ya nyuzi 55 na 60. Nyingine themostati imejificha chini ya kifuniko cha plastiki chenye skrubu mbili au tatu. Fungua kwa bisibisi, kisha gusa kila waya kwa testa kabla ya kugusa kwa kidole. Utaona kifimbo cha themostati kimeingia kwenye tangi, na juu yake kijigurudumu chenye mchirizi wa bisibisi bapa na namba au alama za kujumlisha na kutoa. Geuza taratibu kuelekea 60. Karibu nacho huwa kuna kitufe kidogo, mara nyingi chekundu. Hicho ni cha usalama, hukata umeme maji yakizidi kiwango. Kama umekikuta kimeruka, usikibonyeze na kuondoka. Kimeruka kwa sababu, na mara nyingi sababu ni themostati iliyoganda. Ibadilishe.

Ukiwa hapo ndani, tazama waya wa ethi umekazwa kwenye mwili wa tangi. Kama haupo, usiwashe hita hiyo mpaka uwekwe. Tazama pia kama kuna kutu ya unga kwenye skrubu za nyaya, maana unyevu ukiingia chini ya kifuniko huanzia hapo.

Rudisha kifuniko, washa, subiri taa izime. Hita ya lita 50 yenye elementi ya kilowati 1.5 itachukua saa moja na nusu hivi kufika 60. Pima kwenye koki. Namba zilizoandikwa kwenye themostati ni za kukisia, kipimajoto ndicho hakimu. Ikisoma 66, shusha kidogo, ngoja siku ipite, pima tena. Baada ya mara mbili au tatu utakuwa umefika.

Kama hujawahi kushika nyaya za umeme, hatua hii mpe fundi umeme, lakini simama naye na kipimajoto chako.

Je, maji yatatosha?

Hili ndilo swali linalowafanya watu wapandishe joto. Mtu huoga na maji ya nyuzi 40 hivi. Lita 50 za nyuzi 60 ukizichanganya na baridi ya nyuzi 22 zinakupa kama lita 105 za kuogea kwenye karatasi. Kwa uhalisia hesabu lita 80, kwa sababu baridi huingia chini ya tangi wakati moto unatoka juu. Hizo ni ndoo nne za lita 20. Familia ya watu watano wanaooga kwa ndoo nusu na robo inatosheka na chenji inabaki. Wanaooga kwa shawa dakika kumi kila mmoja hawatatosheka, na dawa yao ni kichwa cha shawa chenye matundu madogo, au tangi kubwa. Kupandisha joto hadi 80 kwenye tangi dogo ni kulichosha tangi hilo bure.

Hatua ya tatu: panga saa za kuwasha

Nasikia sana kwamba kuwasha na kuzima hita kunakula umeme kuliko kuiacha iwake siku nzima. Si kweli. Tangi lililopoa halipotezi joto, na uniti utakazotumia kulipasha upya hazizidi zile ambazo lingepoteza likikaa moto. Washa saa moja na nusu kabla ya kuoga, zima ukimaliza. Ila usiiendeshe kwa wiki nzima ikiishia uvuguvugu. Kila unapoiwasha iache ifike 60 hadi taa izime.

Sasa kuna siri ya jua letu. Simtanki nyeusi juu ya mnara hupigwa na jua la Dodoma kutwa nzima, na saa kumi na moja jioni maji yake yana nyuzi 28 au zaidi. Alfajiri ya Julai, wakati nje usiku ulishuka hadi nyuzi 13 au 14, maji yaleyale yanaweza kuwa na nyuzi 17. Hita hujaza tangi lake wakati unapooga. Anayeoga jioni anaijaza hita kwa maji ya 28. Anayeoga alfajiri anaijaza kwa maji ya 17. Kutoka 28 hadi 60 ni uniti 1.9, kutoka 17 ni uniti 2.5. Kama kazi yako inaruhusu, hamishia kuoga kwa watoto jioni na uone LUKU itakavyokuambia.

Hatua ya nne: mvuke na unyevu

Maji ya nyuzi 75 yana nguvu ya kutoa mvuke karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 60. Ukifungua koki ya moto kwenye ndoo tupu, bafu linajaa wingu kabla hujaongeza baridi. Kwa hiyo baridi kwanza, moto juu yake. Mvuke unapungua, na mtoto anayeingiza mkono kwenye ndoo kabla hujamwambia haungui. Huo ndio utaratibu niliomwachia mama wa Ilazo.

Tundu la bomba darini lizibe kwa povu la kuzibia au kwa jipsamu, hata kama hulioni vizuri. Dirisha la bafu liachwe wazi dakika kumi na tano baada ya kuoga. Najua upepo wa Julai, lakini toka kwanza, vaa, ndipo ufungue. Bomba la moto linalopita darini livishwe sifongo ya bomba. Inaokoa joto.

Ukiona maji chini ya hita, usikimbilie kusema inavuja. Kuna vyanzo vitatu na kila kimoja kina tabia yake. Yakidondoka kwenye valvu ya usalama wakati hita inapasha tu, na kukoma ikipoa, hiyo ni kazi yake halali: lita 50 zikitoka nyuzi 22 hadi 60 zinavimba kwa robo tatu za lita, na maji hayo lazima yapate pa kwenda. Unganisha kipira kwenye mdomo wa valvu, kipeleke kwenye sinki au nje, wala usithubutu kuuziba mdomo huo. Tangi lililozibwa valvu ni bomu. Chanzo cha pili ni jasho: matone yametapakaa juu ya bomba la baridi, yanakuja baada ya watu kuoga, zaidi masika, na ukilifuta bomba linabaki kavu mpaka watu waoge tena. Livishe sifongo. Cha tatu ni kuvuja kwenyewe. Funga karatasi ya chooni kwenye kila kiungo usiku, hita ikiwa imezimwa na hakuna aliyeoga. Asubuhi karatasi iliyolowa itakutajia kiungo. Ikiwa maji yana rangi ya kutu na yanatoka kwenye mshono wa tangi lenyewe, hita hiyo imekwisha, usimpe mtu hela ya kuichomelea.

Mara moja kwa mwaka

Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesi. Inaliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Kwa maji yetu yenye chumvi huisha upesi, kwa hiyo ifungue kila mwaka, na ukikuta imebaki waya mtupu weka mpya. Wakati huohuo toa elementi na ukwangue ukoko, au iloweke kwenye siki usiku mmoja. Kuna nyumba moja Nkuhungu nilitoa vipande vya chokaa vilivyojaa kopo la rangi la lita nne. Hita ilikuwa haijawahi kufunguliwa tangu ifungwe.

Kumbuka pia mgao wa maji. Kama valvu ya kuzuia maji kurudi imekufa, tangi linaweza kujimwaga kupitia bomba la kuingizia wakati simtanki imekauka. Ukiwasha hapo, elementi inaungua kwa dakika chache. Maji yakirudi, fungua koki ya moto kwanza, yatiririke bila kukohoa hewa, ndipo uwashe.

Wenye hita ya gesi

Hapa ushauri unageuka, na ndipo watu wanapoharibu vifaa wakidhani wanaokoa. Kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa maji kama lita 1.6, yakiwa mvuke ndani ya moshi. Mvuke huo ukigusa chuma chenye joto chini ya nyuzi 50 hadi 55 hivi hugeuka matone, na matone hayo yana asidi. Ukiweka hita ya gesi ya ukutani kwenye nyuzi 38, moto mdogo na maji mengi, shaba ya ndani inabaki baridi, inatoa jasho, inaota ukijani, na matone yanadondokea vichomeo. Moto unaanza kuwa wa manjano. Weka nyuzi 50 hivi, punguza kasi ya maji, changanya na baridi kwenye koki.

Utasoma mahali pengine kwamba boila la gesi lishushwe chini ya 55 ili liokoe. Ushauri huo ni wa boila za Ulaya zinazopasha nyumba, zilizotengenezwa kwa chuma kisicholiwa na asidi na zenye bomba la kutolea matone hayo. Zinataka mvuke ugeuke maji ili zivune joto lake. Ya kwako haikujengwa hivyo. Mabweni na nyumba za wageni zenye boila la kuni zina shida ileile kwa sura nyingine: maji yanayorudi yakiwa chini ya 60, bomba la moshi hujaa utomvu mweusi unaoshika moto.

Na hita ya gesi isifungwe ndani ya bafu bila bomba la moshi la kutoka nje. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na bafu ni chumba kidogo kinachofungwa mlango. Kama yako ipo ndani, ihamishe wiki hii.

Wenye sola

Jua letu linaweza kuyapeleka maji ya sola ya mirija karibu na kuchemka mchana wa Oktoba, na hakuna themostati ya kulizuia. Weka valvu ya kuchanganya inayotoa maji ya nyuzi 45 hadi 50 kuelekea koki, na bomba la kutolea mvuke lisizibwe. Kama tangi lake lina elementi ya umeme ya akiba, iweke 60 na uiwashe jioni tu, baada ya kupima jua limeleta kiasi gani. Ukiiacha iwake tangu asubuhi, umeme unalipasha tangi kabla jua halijapanda, na jua likifika linakuta kazi imeshalipiwa.